Kumchora Mtoto Asiyetulia

Katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, iliyopandia mawe ya mlima wa Igogo mjini Mwanza, zimetundikwa picha mbili za watoto. Moja ilipigwa kwa kamera, nyingine ilichorwa kwa brashi. Wageni waingiapo huitazama zaidi ile ya kwanza, maana ina fremu na kioo. Ile ya pili huitupia jicho mara moja tu, na wapo waliotuuliza kwa adabu kama mchoraji aliishiwa na rangi kabla ya kumaliza kazi yake. Tulipoombwa kuandika maneno machache juu ya sanaa na utamaduni wa taifa letu, tulikumbuka kwamba sisi si wataalamu wa uchoraji. Elimu yetu ni ya sekondari, kazi yetu ni ya mafaili, na mashairi tunayatunga baada ya saa za ofisi. Basi tumeona heri tuanze na ukuta huo, kwa sababu tunaujua.

Picha ya kamera ni ya mwaka 1977. Aliyemo ni mdogo wetu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka minne, nasi tulikuwa na saba. Baba alikuwa amepata fedha za pamba. Akatuleta mjini kutoka kijijini kwetu upande wa Magu, akatununulia kila mmoja shati jipya, kisha akatupeleka katika studio ya picha. Mpiga picha alimsimamisha mdogo wetu kando ya stuli ndefu yenye maua ya plastiki, akamvika viatu vya studio vilivyomzidi mguu, akamkunja mkono mmoja na kuuweka juu ya stuli, halafu akamwamuru asitikisike wala asipumue. Mtoto akatii. Alikuwa mtoto asiyeweza kumpita kuku bila kumkimbiza, lakini siku ile, kwa hofu ya taa zile kubwa, alisimama kama askari aliye zamu. Ndivyo alivyo hata leo katika picha hiyo: kola imenyooka, vifungo vyote vimefungwa, macho yamekodolewa.

Masika iliyofuata surua iliingia kijijini. Chanjo ilikuwa haijatufikia. Mdogo wetu aliugua siku tisa, akafariki dunia, na katika nyumba nzima hapakuwa na kumbukumbu nyingine ya sura yake ila karatasi ile. Baba aliitia katika fremu. Mama aliipokea, akaitazama kwa muda, akairudisha mikononi mwa baba na kusema, "Hili ni shati. Mwanangu yu wapi?" Tulikuwa wadogo, nasi tulidhani kwamba majonzi yamemvuruga akili. Imetuchukua zaidi ya miaka arobaini kuelewa kwamba siku ile mama alitoa hukumu ya sanaa, tena hukumu ya haki.

Miaka michache iliyopita binti yetu, ambaye ni muuguzi, alipata uhamisho kwenda Bukoba. Alikuwa na mtoto wa kike wa miaka minne, aliyelelewa mikononi mwa mama yetu tangu alipoachishwa ziwa. Na mama, ambaye sasa alikuwa amekwisha pita miaka themanini, alijua kwamba huenda asimwone tena kitukuu chake huyo. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando, naye alikataa katakata kupasuliwa. Kiswahili kina mzaha mchungu hapa, kwa maana ugonjwa uliomzuia bibi asimwone mtoto huitwa mtoto wa jicho. Simu zetu zilijaa picha za binti huyo, zaidi ya mia, lakini mama hakupambanua kitu katika kioo kile kidogo king'aacho. Alitaka kitu kikubwa, chenye rangi nzito, ambacho angeweza kukisogelea na kukitazama polepole kwa kadiri ya uwezo wa macho yake. "Nitafutieni picha yake kabla hajaondoka," alituambia. "Lakini msimpeleke kwa yule wa maua."

Yule wa maua alikuwa amekwisha kufa miaka mingi. Tulimtafuta fundi mmoja wa Kirumba, kijana wa miaka thelathini na kitu, ambaye kazi yake ya kila siku ni kuandika majina ya mitumbwi pale mwaloni na mabango ya maduka mjini. Tulikuwa tumeona sura mbili tatu alizochora kwa kujifurahisha, na mkono wake ulitupendeza.

Sasa hatuna budi kuungama. Jambo lile tuliliandaa kama tunavyoandaa ugeni wa kiserikali. Tulipanga tarehe. Mtoto alisukwa nywele, akavishwa gauni la sikukuu na soksi nyeupe, akaketishwa kitini barazani, akaahidiwa biskuti moja kwa kila nusu saa ya utulivu. Sisi tulisimama nyuma ya bega la fundi, mikono mgongoni. "Fundi, kola haijakaa sawa." "Fundi, nyusi hii imepanda kuliko mwenzake." "Fundi, mbona umeacha kifungo?" Kila tulilosema alilitenda bila kunung'unika, kwa kuwa sisi ndio tuliokuwa tukimlipa. Kazi ilichukua alasiri mbili. Mwisho wake pua ilikuwa pua yake, mdomo mdomo wake, na misuko ya nywele ungeweza kuihesabu. Tulijipongeza.

Tukampelekea mama ule ubao. Aliusogeza hadi karibu na uso wake, akaupitisha kutoka upande mmoja hadi mwingine kama mtu anusaye chakula ambacho hakukipika yeye, kisha akauliza, "Ametulia sana. Anaumwa?"

Fundi alikuwa mlangoni, akasikia. Hakujitetea. Aliuchukua ubao wake, akauegemeza ukutani ukiwa umegeuka, akasema, "Mzee, nipe nafasi nyingine. Lakini safari hii, samahani, usinisaidie."

Maneno hayo yalitukosesha usingizi, nasi tukaanza kujichunguza. Malezi yetu humsifu mtoto aliyetulia. Katika chumba kimoja chenye watu kumi na chungu cha ugali jikoni, mtoto asiyetulia ni hatari kwake mwenyewe na kwa wenzake, na mzazi amwambiaye "tulia" anamwokoa. Hatulaumu malezi hayo, ndiyo yaliyotufikisha hapa. Lakini amri hiyo tumeitoa jikoni tukaihamishia katika sanaa, ambako hakuna chungu. Tazama kalenda zetu, tazama mabango ya zahanati na vitabu vingi vya shule: watoto wamesimama wima, mikono imeshikamana na mapaja, shingo kama nguzo ya simu, na wote wanatabasamu kwa kipimo kimoja. Tuliwahi kuketi katika kamati ya kutoa tuzo za uchoraji Siku ya Mtoto wa Afrika, ambayo huadhimishwa kila tarehe 16 Juni tangu mwaka 1991 kwa kuwakumbuka watoto wa Soweto waliouawa mwaka 1976. Tuzo ya kwanza tulimpa mwanafunzi aliyechora nyumba na bendera kwa rula. Palikuwa na karatasi nyingine, ya mtoto aliyewachora wenzake wakioga ziwani, mikono mingi na maji mengi na vichwa vitatu visivyo na shingo, nayo tuliiweka mwisho kwa kosa la kutokuwa safi. Sahihi yetu imo katika waraka wa matokeo.

Wala si kweli kwamba wazee wetu wa Usukuma walipenda unadhifu wa namna hiyo. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni na kuishi muda mrefu hapa Mwanza, alichapisha mwaka 1953 kitabu juu ya picha za ukutani za Bayeye, yaani chama cha wacheza nyoka. Katika kuta za nyumba zao za mafunzo walichora nyoka, watu na viumbe wa hadithi zao. Umbo la mtu lilikuwa mistari michache tu, lakini uliweza kutambua nani anakimbia, nani anacheza na nani ameogopa. Na ukienda Bujora, pale Kisesa, kilomita 20 hivi kutoka mjini, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement wa Kanada, ukamwona mcheza bugobogobo akirusha jembe lake hewani na kulidaka, utakubali kwamba watu hawa hawakufundishwa uzuri kwa kuambiwa watulie.

Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, akili za wengi wetu zilikwenda moja kwa moja katika ngoma, na ilikuwa haki ziende huko. Uchoraji wa sura ulibaki nyuma kidogo. Hata hivyo walikuwapo waliokwisha tangulia. Bibi Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji Makerere mwaka 1937, na desturi yake ilikuwa kuwasimulia wanafunzi tukio kwanza, ili kila mmoja aone picha katika fikira zake kabla ya kugusa rangi. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Sam Ntiro wa Machame, ambaye aliwachora watu wa Kilimanjaro wakiwa kazini na sherehekeni, kwa kumbukumbu ya moyo wala si kwa kumketisha mtu kitini. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, imo katika makumbusho ya Museum of Modern Art, New York. Ntiro alikuwa Balozi wa kwanza wa Tanganyika mjini London, na baadaye Kamishna wa Utamaduni. Basi kumbe mtumishi wa serikali anaweza kushika brashi bila kuharibu, jambo lililotutia moyo, ingawa ngazi yake na yetu hazifanani.

Na ng'ambo ya maji haya haya, kisiwani Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe, hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke waliohangaika kutafuta mtoto. Ilingoja hadi mwaka 1980 ndipo ikachapishwa kwa Kiswahili, na mwaka uliofuata akafariki. Tunaitaja hapa kwa sababu moja. Kitereza hana haraka ya kupamba. Huacha jambo dogo la nyumbani lijieleze lenyewe kwa kutendeka. Fundi wetu hakuwa amemsoma, lakini alikuwa na mwalimu wake wa mbali. Alitufungulia katika simu picha ya mvulana anayecheka, kazi ya Frans Hals, Mholanzi wa karne ya 17, iliyochorwa mnamo mwaka 1625. Ni ubao mdogo wa duara. Nywele ni mikwaruzo ya brashi, meno hayakuchorwa moja moja, na miaka mia nne baadaye mtoto yule bado anamcheka anayemtazama. "Ona, Mzee," fundi alisema, "hapa hakurudia." Kidole chake kilikuwa kwenye shavu la mvulana.

Siku ya pili ya uchoraji fundi ndiye aliyeipanga. Aliagiza mtoto aje na gauni lake la kila siku, asichanwe nywele, wala asiambiwe lolote. Tukapanda daladala hadi Igombe, kwenye ufukwe wa wavuvi. Dagaa walikuwa wameanikwa, mitumbwi imevutwa nchi kavu, watoto wa pale wakishindana kurusha vijiwe vitambaavyo juu ya maji. Mjukuu wetu hakungoja kukaribishwa. Fundi aliketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akaweka kipande cha hadibodi magotini, akaminya rangi zake juu ya bati, halafu akakaa. Alikaa karibu saa nzima bila kuchora hata mstari mmoja. Sisi, tuliozoea kupima kazi kwa karatasi zilizojaa, tulianza kuona fedha yetu inapotea.

Mtoto naye alishangaa. Alikuja mbio, akasimama mbele yake.

"Mjomba, unaandika nini?"

"Sijaandika."

"Kwa nini?"

"Nakusubiri."

"Mimi niko hapa."

"Nakuona."

Akaridhika, akarudi kwa wenzake.

Katika saa ile ya kungoja, fundi alitueleza mambo ambayo hatukuwahi kuyawaza. Alisema kosa la kwanza la wachoraji wengi ni kumchora mtoto kama mtu mzima aliyepunguzwa. Kichwa cha mtu mzima huingia mara saba na nusu hivi katika urefu wake. Cha mtoto wa umri ule, mara tano hivi. Ukipima uso wa mtu mzima kutoka utosini hadi kidevuni, macho yako katikati. Ya mtoto yako chini ya katikati, kwa kuwa paji la uso ndilo lililotangulia kukua, na taya zinafuata baadaye. Atakayemchora mtoto macho yakiwa juu atapata kibabu. Alisema pia kwamba mistari humzeesha mtoto, maana uso wake hauna kona; ni vivuli vilaini vinavyoingiana, na mchoraji akifumba macho nusu ataviona vivuli hivyo vikubwa, huku kope na tundu za pua zikipotea. Avichore hivyo vikubwa kwanza, kwa brashi pana kuliko anavyothubutu, na huenda akakuta kwamba kope hazihitajiki kabisa.

Juu ya rangi ya ngozi alikuwa na ghadhabu. Wenzake wengi, alisema, wakitaka kumchora Mwafrika huchukua rangi ya udongo wakaichanganya na nyeusi, na kila kivuli kikizidi wanazidisha nyeusi, mpaka mtoto akawa mkaa. Yeye nyeusi haimo katika bati lake. Kivuli alikipata kwa bluu na nyekundu iliyoiva, na penye mwanga, kwenye shavu na ncha ya pua, aliweka bluu ya mbingu, kwa sababu ngozi yetu hushika rangi ya anga kama ziwa lenyewe lishikavyo. Akatuonyesha kitu ambacho tumeishi nacho maisha yote tusikione: ufukweni, chini ya kidevu cha mtoto, mahali ambapo barabarani pangekuwa na giza, pana nuru. Maji huirudisha juu. Tuliwatazama watoto kumi wakiruka, na wote kumi walikuwa na nuru hiyo chini ya kidevu.

Tulimwuliza kwa nini basi hakuyatenda hayo barazani kwetu. Alijibu kwa upole kwamba barazani alikuwa akichora maagizo.

Mwenye kutunga mashairi angepaswa kulijua jambo hili. Tumefundishwa vina na mizani, nasi twaviheshimu. Lakini tunao ubeti mmoja tu tunaouonea fahari ya kweli, nao ulitujia zamani tukingoja kivuko pale Kigongo, kabla ya daraja la kuvuka kwenda Busisi kufunguliwa mwaka 2025. Tuliuandika nyuma ya stakabadhi, mvua ikitunyeshea, kabla kivuko hakijafunga gati. Shairi lililobaki tulilipiga msasa kwa miezi minne ofisini na nyumbani. Limenyooka sana, na hakuna aliyewahi kutuomba tulisome mara ya pili.

Lakini turudi Igombe. Mama mmoja wa pale alimpa mjukuu wetu kipande cha muwa. Akaja nacho hadi karibu na mtumbwi wetu, shavu moja limevimba, maji ya muwa yakimtiririka hadi kwenye kiwiko, na wakati huo mnandi mmoja akatoka majini mbele yake na samaki mdomoni. Mtoto akageuza kichwa. Akaacha kutafuna. Fundi hakusema kitu, lakini mkono wake ulikuwa umekwisha anza. Alipiga kivuli cha kichwa chote kwa mpigo mmoja, akafuata shavu, akafuata paji la uso, akaiweka ile nuru ya chini ya kidevu kwa kidole gumba. Mnandi akaruka, mtoto akakimbia. Fundi akaendelea kuchora mtoto asiyekuwapo, kwa kasi ya mtu anayeandika namba ya gari lililokwisha pita. Gauni lilikuwa mapigo matatu ya manjano. Muwa ulikuwa pigo moja. Macho aliyaacha hadi mwisho, akayatia kwa vitone, na katika kila kimoja akagusa weupe kidogo. Tulitazama saa: dakika 20 hazijatimia. Akaweka brashi chini.

"Na sikio?" tukauliza.

Kwa maana sikio la kushoto halikuwapo. Palikuwa na kivuli cha shavu, kisha ubao mtupu wa hadibodi, kisha nywele.

"Alipogeuka sikuliona vizuri," akasema.

"Lakini analo. Wewe unajua analo."

"Najua, Mzee. Ila nikilimaliza sikio hilo, mtoto ataondoka."

Tuliilipa kazi, tukaishukuru, tukaichukua nyumbani. Binti yetu na mtoto walikuwa waondoke keshokutwa yake kwa meli ya Bukoba, na mama tulipanga kumwonyesha asubuhi. Usiku, wengine walipokuwa wamelala, tuliiegemeza picha juu ya meza tukaitazama kwa taa. Tuliona uhai wake, hatusemi uongo. Lakini tuliliona na sikio. Tumekaa miaka zaidi ya thelathini tukirudisha fomu zenye nafasi isiyojazwa, na nafasi ile tupu ilituita kwa jina. Fundi alikuwa ametuachia bati lake la rangi hadi kesho yake, likiwa limefunikwa kwa nailoni. Tukachukua brashi nyembamba kuliko zote. Tukachora sikio.

Lilikuwa sikio zuri. Lilikuwa na ukingo, na tundu, na ndewe yenye hereni. Na tulipolimaliza tukarudi nyuma hatua mbili, tukaona kwamba kile kichwa kilichokuwa kikigeuka kimesimama. Hatuwezi kueleza kwa kitaalamu jinsi kitu kidogo vile kinavyofanya kazi kubwa namna ile. Jicho la mtazamaji, lililokuwa likipita shavuni na kukimbilia kwa mnandi asiyeonekana, sasa lilikwama sikioni kama barua iliyogongwa muhuri. Mtoto alikuwa amevaa tena soksi nyeupe.

Fundi alikuja saa kumi na mbili na nusu kuchukua bati lake. Hatukumwambia neno, naye hakuuliza. Alitazama mara moja, akaomba tambara na mafuta ya taa kidogo. Rangi zake za tyubu zilikuwa bado mbichi, zikafutika. Lakini zilifutika pamoja na kivuli cha shavu kilichokuwa chini yake, na nywele za upande ule zikachafuka. Akarudisha alichoweza kwa mapigo mawili, akaacha. Mahali pale pana doa lenye rangi ya moshi hadi leo. Mgeni hawezi kulitambua. Sisi tunaliona kila asubuhi tunywapo chai.

Tukamwita mama. Aliketi kizingitini, mahali penye mwanga, akaushika ubao kwa mikono miwili. Safari hii hakuusogeza karibu. Aliunyoosha mbali na uso wake, kadiri mikono ilivyofika. Sikio, kope, gauni, hayo yote hakuyaona, na hata muwa hakuujua mpaka alipoambiwa. Aliuona mgeuko ule wa kichwa. Midomo yake ikachezacheza. Akaita jina.

Halikuwa jina la kitukuu chake. Lilikuwa jina la mdogo wetu, lile lililokuwa halijatajwa kwa sauti katika nyumba yetu tangu mazishi ya baba. Aliliita kama aitavyo mtu aliyemwona mtoto wake akikimbia kuelekea majini, kwa ukali kidogo. Kisha akacheka, akasema, "Huyu hajawahi kusikia."

Kitukuu mwenyewe alikuwa amesimama pembeni, kidole mdomoni. Alituvuta shati akanong'ona, "Babu, bibi amekosea. Huyo ni mimi." Tuna mazoea ya kusahihisha, ndiyo kazi tuliyoajiriwa kuifanya. Tulimchukua mtoto mkono, tukatoka naye nje kutazama meli iliyokuwa ikiingia bandarini, tukamwacha mama na ubao wake.